Kifaru wa Bega la Amoni

Habari kwamba Damiano anapanda kutoka Kamsamba zilimfikia fundi Yonasi Ijumaa asubuhi, akiwa barazani pa duka la Mhindi pale Tunduma, mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani. Aliyezileta ni Ikupa, shangazi wa marehemu Amoni, aliyekuwa amekuja kununua chumvi ya shughuli ya kesho.

"Mzee Osea amempelekea mtu," Ikupa alisema. "Amesema jina halichukuliwi bila shahidi. Aliyemwona Amoni akifa ndiye atasema mbele ya watu, kitu hiki ni chake kweli. Usiku huu analala Ndalambo, kesho mchana yuko kwetu."

"Si walisema anaumwa?"

"Atakuja hivyo hivyo anaumwa."

"Vizuri, shangazi," alisema Yonasi, akaendelea kukanyaga cherehani. Ikupa alipokwisha kuondoka ndipo alipoona kwamba ameishona mifuko yote miwili ya suruali ya watu ikaziba kabisa.

Yonasi hakwenda vitani, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda watu wajue. Mwaka ule wa kuandikishwa alitembea na wenzake mpaka Mbeya, akavua shati kama wao, akapanga mstari kama wao. Daktari akautazama mguu wake wa kushoto, mfupi kwa vidole viwili, akamsogeza pembeni kwa mkono mmoja bila hata kumwambia neno. Wenzake wakaenda zao Burma. Waliobahatika kurudi walirudi mwaka arobaini na sita, wana makoti mazito, viatu vya kupiga kelele na maneno ya Kihindi ya kutishia wake zao.

Makoti hayo yakaja kwake. Koti moja la jeshi linatoa suruali mbili za watoto na kofia, na fundi wa kulikata kwa akili Tunduma nzima alikuwa mmoja. Kila lilipokuja, Yonasi aliangalia bega kwanza. Kama beji bado ipo, ile ya kitambaa inayoshonwa begani kuonyesha kikosi, alisema, "Hiyo niachie mimi, pindo nitakukunjia bure." Wengi walicheka wakamwachia, maana beji haivaliki shambani. Ndivyo alivyokusanya arobaini na moja kwa miaka mitatu. Alizishikiza moja moja kwenye kipande cha blanketi: vifaru wenye pembe, nembo ya jeshi letu la mashariki, tepe za masajini, hata buibui mweusi wa Waafrika wa magharibi, aliyemfikia kupitia mtu wa Nakonde aliyebadilishana huko kwa kopo la nyama. Kila beji aliijua ya nani na ilipigana wapi. Jumapili baada ya ibada alikunjua blanketi lake barazani akasimulia vita ambavyo hakuviona, akitaja mito na vilima, mpaka wenyewe waliopigana wakawa wanamwuliza yeye tarehe. Walimwita Keya wa Barazani, kama mmoja wa askari wale wa KAR. Aliudhika, lakini si sana.

Sasa katikati ya blanketi hilo palikuwa na nafasi tupu aliyoiacha kusudi, na beji ya kukaa hapo ilikuwa kwenye karatasi, chini ya droo ya cherehani. Ilikuwa ya Amoni, na alikuwa ameiiba.

Tuseme wazi ilivyokuwa. Amoni alifia Burma mwaka arobaini na nne, na kilichorudi nyumbani ni kitambaa cha upana wa kiganja. Damiano, rafiki yake waliyeandikishwa siku moja, alikileta, akamkabidhi mjane, akasema alikikata begani kwa marehemu. Kisha akateremka Kamsamba kulima mpunga na kufuga, na huko juu hakukanyaga tena. Basi wazee wakabishana miaka mitatu. Kwao jina la mtu aliyekufa haliachwi chini. Hukalishwa ndugu mmoja mkekani, akafungwa kitu kilichogusa mwili wa marehemu, akaitwa kwa jina lile, na hapo ndipo mjane anapofunguliwa. Je, kitambaa kidogo vile kinatosha? Mzee Osea, baba mkubwa wa Amoni, alisema hakitoshi. Mwaka huu alikubali, labda kwa kuchoka kumwona Nesta.

Maana Nesta, mjane mwenyewe, alikuwa hajatimiza miaka thelathini na alikuwa akiishi nusu. Hakuna aliyepokea mbegu mkononi mwake. Harusini alipikia watu jikoni lakini hakukaa nao. Akija mwanamume kumwuliza habari zake, mamaye yule mwanamume alimvuta shati kwa nyuma. Miaka mitano mizima mwanamke yule alisubiri siku moja tu, siku ya shemeji yake Ezron kufungwa mkanda na kuitwa Amoni.

Wiki mbili na ushei nyuma ndipo Nesta alipomletea Yonasi mkanda wa turubai pamoja na ile beji. "Nishonee hapa, fundi. Ishike vizuri, isije ikatoka." Yonasi alipokifungua kile kitambaa alisahau kumjibu. Vifaru wake wote walikuwa wa mashine, wana sura moja ya kiwandani. Huyu alikuwa ametariziwa kwa mkono, kwa hariri, pembe imeinuliwa uzi juu ya uzi, jicho limewekwa uzi wa shaba. Bila shaka ni kazi ya fundi wa sokoni huko India, na Amoni alijilipia mwenyewe kwa maringo yake. Yonasi alisema apewe siku tatu.

Siku ya kwanza aliitazama tu. Ya pili akaanza kuiiga, eti ajifunze mkono wa yule fundi asiyemjua. Ya tatu alikuwa na vifaru wawili, na wa kwake alikuwa mzuri, akamchovya kwenye chai kumzeesha. Akajiambia kwamba uzi ni uzi. Akajiambia kwamba mkanda utafungiwa sandukuni uliwe na wadudu, wakati kwake beji ingeonwa na watu. Akashona yule wa kwake kwenye mkanda. Nesta aliupokea kwa mikono miwili huku amepiga goti, na fundi wetu akakataa malipo, akajiona mwema.

Damiano alikuwa mgonjwa, haji. Ndivyo alivyokuwa amehesabu.

Jumamosi alitoka mapema, beji ya kweli mfuko wa shati, mkasi mdogo na sindano mfuko wa suruali. Njia ya kwenda kwao Amoni, upande wa Mpemba, ni mwendo wa saa mbili kwa mtu wa miguu sawa, kwake ulikuwa mara mbili. Alijipangia maneno njiani: uzi ule ulikuwa na kasoro, nataka kuurudia, dakika kumi tu. Angefumua, angebadilisha, angeshona, wala mtu asingejua.

Alikuta uani pamejaa. Mwinjilisti alikuwa ameshafungua kwa sala ndefu, kisha akakumbuka kwamba ana safari, kama anavyokumbuka kila mara shughuli za namna hii zikifanyika. Ezron alikuwa ameketi mkekani kifua wazi, kijana mpole anayetokwa jasho. Mkanda ulikuwa juu ya ungo wenye unga, na ungo ulikuwa mapajani mwa Ikupa.

"Shangazi, naomba mkanda kidogo. Kuna uzi sikuupenda."

"Uzi gani? Nimeuvuta mwenyewe, umeshika."

"Kwa ndani. Ukifungwa utaachia."

Ikupa aliuinua mkanda, akaupeleka karibu na macho yake yasiyoona vizuri. "Basi shona hapa hapa, nione."

"Hapa pana giza."

"Giza saa sita hii, fundi?"

Watu wawili watatu waligeuka. Yonasi alihisi beji ya mfukoni ikimwunguza kifua. Alikuwa anatafuta uongo mwingine wakati mbwa walipobweka, na watu wote wakainuka, maana Damiano alikuwa anaingia uani.

Alikuwa amekonda. Yonasi alimkumbuka mtu mwenye shingo nene, aliyecheka kwa sauti. Aliyeingia alitembea na fimbo, macho ya manjano, koti limemning'inia. Alimsalimu Mzee Osea kwa kuchuchumaa. Alipofika kwa Nesta alitazama chini, akampa ncha za vidole tu.

"Umefika, mukwai," alisema Osea, kwa lile neno la heshima walilozoea kutumia na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka. "Hatutakuchosha. Kuna mkanda hapa, na juu yake kuna kitu ulichokileta wewe. Kiangalie, kisha uje useme mbele ya hawa. Fundi naye anasema uzi wake haumridhishi. Nendeni wote wawili kule kwenye mwanga mmalize."

Ikupa aliutoa mkanda shingo upande.

Wakaenda nyuma ya kihenge cha mahindi, palipokuwa na jua na hapana mtu. Yonasi aliushika mkanda kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kujua kwamba hakuna nafasi ya kubadilisha, na kwamba mtu aliyeikata ile beji kwa kisu chake atajua kwamba kifaru huyu si yule. Alisubiri kusikia hukumu.

Damiano hakuugusa hata mkanda. Aliutupia jicho kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mdai wake, akasema, "Ndiyo yenyewe. Twende."

"Hujaitazama."

"Nimeitazama. Ndiyo."

Mtu mwenye busara angeshukuru Mungu hapo akarudi uani. Lakini Yonasi alikuwa amejiandaa tangu jana kukamatwa, na moyo uliojiandaa kukamatwa haurudi nyuma upesi. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua. "Siyo hiyo. Hiyo nimeitarizi mimi. Yenyewe hii hapa, niliitamani nikaichukua. Nilitaka kuirudisha kabla hujafika. Nisamehe, Damiano."

Alitegemea kupigwa fimbo. Badala yake Damiano aliitazama beji ile ya hariri, akaegemea kihenge mpaka fito zikalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na Yonasi, aliyeishi na hofu tangu jana, aliitambua.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipoigeuza ile beji. Mtu anayekitamani kitu hutazama uso wake tu, naye kwa wiki mbili alikuwa ameutazama uso. Sasa aliutazama mgongo na kingo zake, kwa macho ya ufundi. Beji iliyowahi kushonwa begani ina matundu ya sindano pembeni, hata ukiifua mara ngapi. Zote arobaini na moja zilikuwa nayo. Hii haikuwa na tundu hata moja.

"Hii haijawahi kukaa kwenye nguo," alisema polepole.

Damiano aliketi chini.

"Mto ulimchukua," alisema. "Tulikuwa tunavuka, mvua za kule si za hapa. Nilimshika mkono. Nilimshika kabisa, Yonasi. Halafu nikawa nimeshika maji. Nilimtafuta siku tatu kando ya ule mto mpaka sajini akanitishia bunduki. Sikupata hata kofia. Nilipokuwa narudi, tukasimama mji mmoja wa India, nikapita sokoni, nikamwona fundi amekaa chini anatarizi vifaru wetu. Nikanunua kwa pakiti mbili za sigara. Nikaipaka udongo. Ningemjia yule mwanamke mikono mitupu, nimwambie nini? Kwamba nilimwachilia?"

Yonasi alisikia kitu kikimfunguka kifuani, na ni aibu kulisema, ilikuwa furaha. Basi hakuiba kitu cha marehemu. Aliiba kitambaa cha sokoni. Kifaru wake na kifaru wa Mhindi wote sawa, hakuna aliyemgusa Amoni, na yeyote kati yao akifungwa kiunoni mwa Ezron shughuli itakwisha, Nesta atafunguliwa, watu watakula nyama. Hata mawazo ya lile blanketi lake yalimrudia, na ile nafasi ya katikati.

"Tusiseme," Damiano alinong'ona. "Rudisha yoyote. Tumalize."

"Tumalize," alisema Yonasi, akaikunja beji ya hariri ndani ya kiganja.

Nesta alitokea upande wa pili wa kihenge, amevaa kitenge kipya, uso umenawa. Hakuwa amesikia kitu, hilo lilionekana. Alisimama mbali kidogo nao kwa adabu.

"Fundi, samahani. Nilitaka Damiano anisikie kabla hatujaanza, maana ndiye aliyemleta Amoni nyumbani." Alitafuta maneno, akayapata. "Shemeji, miaka mitatu nimelala na kile kitambaa chini ya shavu. Nilikuwa naongea nacho, mtu asicheke. Kilishika mafuta yangu ya nyonyo, na mimi nikawa najidanganya ndiyo harufu yake. Nikikasirika namgombeza. Mwanetu Lusungu akiugua namweleza. Sasa tangu fundi aniletee mkandani, harufu hakuna. Nimeweka shavu, kimya. Usiku wa kwanza nililia sana. Halafu nikasema basi, Amoni ameona siku zimefika, amekubali kuondoka. Kila siku kwa wiki mbili hizi nimemuaga kidogo kidogo. Leo nimemaliza. Nataka ujue kwamba hukukileta bure."

Damiano alifunika uso.

Yonasi alikuwa na beji kwenye ngumi, na jasho la kiganja lilikuwa limeamsha mafuta yaliyokuwamo. Harufu ya nyonyo ilimfika puani bila hata kuinua mkono. Ile furaha ya dakika mbili ikamtoka yote. Fundi wa India hakumjua Amoni, na Damiano alidanganya, lakini yeye ndiye pekee aliyekuwa amemwibia Nesta, na alichokiiba kilikuwa kweli.

"Mama Lusungu," alisema, "hukumuaga."

Akafungua ngumi.

Ilibidi arudie maneno hayo uani, mbele ya watu wote, kwa sababu Mzee Osea, aliyekuja kuona kinachowakawisha, alikataa kusikia jambo kama hilo nyuma ya kihenge. Alilisema amesimama, uzito wote ukiwa mguu wa kulia. Kwamba ile ya mkandani aliitarizi yeye. Kwamba ya Nesta ilikuwa kwake siku zote hizo.

"Kwa nini?" Osea aliuliza.

"Niliitamani."

"Unazo ngapi nyumbani kwako?"

"Arobaini na moja."

"Na ngapi kati ya hizo ni za maiti ambao hawakurudi?"

Ikupa alitupa ungo chini, unga ukatapakaa, akasema kwa utulivu uliomuumiza Yonasi zaidi kwamba huyu ni mwizi wa wafu na kila nyumba yenye mjane ijue. Mtu mmoja aliuliza wanangoja nini wasimchape. Ezron alikuwa ameinuka mkekani, mpole yule, kakunja ngumi.

Sentensi moja ingemwokoa. Kile kitu hakijawahi kukaa begani kwa mtu, muulizeni Damiano. Ilikuwa mdomoni kabisa, na tuseme ukweli, alitaka kuisema kuliko alivyowahi kutaka beji yoyote. Alimtazama Damiano, aliyekuwa ameegemea fimbo yake. Akamtazama Nesta, ambaye alikuwa ameibana ile beji puani kwa mikono miwili na kufumba macho, wala hakuwa anamsikiliza mtu yeyote pale uani. Yonasi akaimeza.

"Damiano," alisema Osea, "wewe ndiye shahidi. Hiyo aliyonayo Nesta ni ya Amoni?"

Damiano alimtazama Nesta kwanza.

"Ni ya Amoni."

"Ulikata mwenyewe begani kwake?"

"Niliileta mwenyewe, baba. Toka kule mpaka hapa sikuitoa mwilini."

Osea aliinamisha kichwa. Kama alitosheka au alichoka, yeye ndiye anayejua. "Basi ishonwe tumalize. Na ashone huyu huyu aliyeiharibu, tumwangalie."

"Ngojeni," alisema Nesta.

Alikuwa amefumbua macho na alikuwa akimtazama Yonasi, si kwa chuki bali kama mtu anayepiga hesabu ya siku. "Wiki mbili nilikuwa namuaga mume wangu, fundi. Kumbe nilikuwa nakuaga wewe." Akageuka kwa Osea. "Baba, nipeni muda. Nianze upya."

Akaingia nyumbani na beji, akavuta mlango.

Wakamngoja. Nyama ilipoa, watoto wakalala chini, Ezron akaketi tena mkekani na jua likamhamia mgongoni. Sauti ya Nesta ilisikika ukutani, haieleweki maneno, mara chini, mara kama anagombeza, mara moja kama anacheka. Watu waliinamisha vichwa, wengine wakilia kwa ajili ya Amoni. Wawili tu pale uani walijua kwamba anayeambiwa maneno yale yuko mbali, chini ya maji ya nchi nyingine, na hawakuthubutu kutazamana.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliuweka mkanda, uliokwisha kufumuliwa yule kifaru wa uongo, juu ya magoti ya Yonasi, na juu ya mkanda akaweka beji, mkono wake ukachelewa kidogo kuiachia.

"Shona," alisema.

Akamsimamia muda wote, akiitazama mikono ya fundi kila sindano ilipoingia na kila ilipotoka, mpaka fundi akakata uzi.